Jihadharini na Khabari za Vifurushi

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukifika fedha huingia mikononi, na wezi hulijua hilo kama tulijuavyo sisi. Wezi wa siku hizi hawavunji mlango. Huandika katika simu. Maneno yao ni haya: "Kifurushi chako kimezuiwa. Lipa ada leo, la sivyo kitarudishwa." Chini yake pana linki ya kubonyeza, au namba ya kupelekea fedha.

Kwa nini watu huamini? Ni kwa kuwa sisi wa visiwani mizigo yetu hupita mikono mingi. Mwenye jamaa yake Kabasa, huko Bunda mkoani Mara, akiletewa mzigo, hupakiwa basi mpaka Dar es Salaam, ukavuka bahari kuja Unguja, kisha Pemba. Anayengojea mzigo wa safari hiyo hashangai kuambiwa umekwama njiani.

Ada nayo huwa ndogo kwa makusudi. Mwaka 2021, huko Uingereza, watu wengi walipata ujumbe uliojitia umetoka Royal Mail, ukidai ada isiyofika pauni 3. Wezi hawakuzitaka pauni hizo. Walizitaka namba za kadi za benki. Baadhi ya waliozijaza walipigiwa simu baadaye na mtu aliyejitia ni wa benki, wakapoteza akiba zao.

Basi twawausia haya:

1. Jiulize: nani kanipelekea? Mzigo wa kweli una mwenyewe, naye ana risiti. Mpigie kwa namba yake unayoijua, si ile iliyoletwa na ujumbe.

2. Linki usiibonyeze. Nenda mwenyewe posta, au ofisi ya basi au ya boti, ukaulize. Kama pana malipo, lipa dirishani upewe stakabadhi.

3. Namba ya siri haambiwi mtu, hata akijitia ni wa posta, wa benki au wa kampuni ya simu.

4. Namba ya tapeli ipeleke kwa ujumbe kwenda 15040, iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Ikiwa fedha zimekwisha kutoka, pigia kampuni ya simu yako papo hapo, kisha nenda polisi.

Wasomeeni khabari hii wazee na majirani wasiojua kusoma. Karafuu huchumwa juu ya mti mrefu, kwa jasho na khatari ya kuanguka. Fedha yake isiliwe na mtu aliyekaa kitako.

Katibu