Azania ya Wagiriki na Suala la Rhapta: Nafasi ya Mbezi Beach katika Jiografia ya Kale

Azania ni jina ambalo waandishi wa Kigiriki waliipa pwani ya Afrika Mashariki. Maelezo yake ya awali yaliyo kamili zaidi yamo katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa safari na biashara ulioandikwa katika karne ya 1 BK. Matini hiyo inaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, na inalihusisha jina lake na mashua zilizoshonwa, jamii ya vyombo ambavyo Waswahili waliviita mitepe. Meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kasa vilitoka huko. Mikuki ya Muza, bandari ya Yemen, pamoja na mashoka na vitu vya kioo, viliingizwa. Manahodha Waarabu walioa wenyeji na kuifahamu lugha yao.

Mahali pa Rhapta hapajathibitishwa. Hoja inategemea kisiwa cha Menouthias, kilicho takriban stadia 300 kutoka bara. Rhapta iko miendo miwili ya siku baada yake. Stadia 300 ni kama kilomita 55, umbali unaoikaribia Pemba (takriban 50) kuliko Unguja (takriban 35) au Mafia (takriban 20). Mwendo wa siku ukikadiriwa kuwa stadia 500, miendo miwili ni kama kilomita 185. Kutoka Pemba, kipimo hicho kinafikia pwani ya Dar es Salaam, ikiwamo Mbezi Beach. Kutoka Unguja, delta ya Rufiji. Kutoka Mafia, kusini ya Kilwa.

Hata hivyo, Ptolemy, katika karne ya 2, anauhusisha mji huo na mto wenye jina hilohilo. Kigezo hiki kinaipa nguvu Rufiji, ambako mwanaakiolojia Felix Chami ameripoti shanga alizozihusisha na biashara ya Kirumi. Mto Mbezi ni mdogo mno kwa kulinganishwa nao. Magofu ya Kunduchi, jirani na Mbezi Beach, nayo hayalitatui suala hili: msikiti wake ni wa takriban karne ya 15 au 16, na makaburi yake mashuhuri ni ya karne ya 18.

Hivyo, vipimo vya baharini vyaweza kuelekeza Dar es Salaam, ilhali mto na shanga vinaelekeza Rufiji. Kinachoweza kuamua ni mabaki ya karne ya 1 yaliyokutwa katika tabaka lake. Mbezi Beach, ambako nyumba na hoteli zimesogea hadi ufukoni, kila msingi unaochimbwa bila uchunguzi wa kiakiolojia unapunguza uwezekano wa kuijaribu hoja hii.