Wauza Magari na Safari Rally

Ati Safari Rally ni mchezo wa matajiri wa kuwatimulia watu vumbi tu? Wenzangu bwenini husema hivyo. Mimi siwaungi mkono, na hebu niwaeleze kwa nini.

Mashindano haya yalianza mwaka wa 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa kulingana na bei yake dukani, si ukubwa wa injini! Yaani lililoshindana lilikuwa lile lile ambalo mwenye pesa zake angeweza kuuziwa. Ndiyo maana wauzaji walitoa fedha, mafundi na vipuri mwaka baada ya mwaka. Baadaye yakawa yanafanywa Pasaka, mvua ikinyesha. Gari likizama matopeni ama springi zikivunjika, nchi nzima ilijua. Likishinda je? Tangazo gani lingepita hilo?

Tazama Peugeot 404. Ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Halafu Datsun, iliyouzwa hapa na kampuni ya D.T. Dobie, ikatwaa ushindi 1970 na 1971. Shekhar Mehta wetu akashinda nayo 1973, tena 1979 hadi 1982, miaka minne bila kupokonywa!

Siku hizi mambo ni mengine. Mashindano ya dunia yalirudi Kenya mwaka wa 2021, lakini magari yanayoshinda kule Naivasha hayauzwi dukani. Mkulima wa Kinangop akitaka kujua gari litakalomudu njia yake ya matope, basi itabidi amwulize jirani.