Mchuzi kwenye teksi ya watu, nusura nivunje undugu!

MPENZI msomaji, wiki hii tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo. Nataka nikupe kisa kilichonikuta mwenyewe. Ukishamaliza kunicheka, chukua na somo lake.

Kaka yangu ni dereva wa teksi hapa Dar. Gari si lake, ni la tajiri, na kila siku jioni lazima apeleke hesabu, abiria wapatikane wasipatikane. Jumapili moja akanipa ufunguo nimpeleke mchumba wangu Temeke kwa shangazi yake. "Mdogo wangu, hii gari ndiyo ugali wa wanangu," akaniambia. "Kesho saa 11 alfajiri niikute kama ilivyo." Nikamjibu aondoe shaka.

Basi bwana, kioo nimeshusha, kiwiko nje, najiona kama gari nimenunua mimi. Kava za viti kaka alikuwa amezivua kwenda kuzifua, hivyo viti vilikuwa wazi, kitambaa cha kijivu kisafi kabisa. Kiti cha nyuma tuliweka sufuria ya mchuzi wa samaki wa nazi, imefungwa kwa kanga. Mimi macho kwa mchumba, barabara naiangalia kwa wizi. Tuta sikuliona! Kufunga breki, nikasikia "pwaa!" Kugeuka nyuma, kiti kizima njano tupu.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu zaidi. Nilishika tambara nikasugua kwa nguvu zangu zote. Tulipofika kwa shangazi nikaomba maji ya moto na sabuni ya mche. Ile kupaka sabuni tu, doa la njano likageuka jekundu, utadhani nimebeba majeruhi! Mchumba akashika mdomo. Jirani akaja mbio na chupa ya jiki, eti ndiyo dawa.

Bahati yangu, nyumba ya pili alikuwepo mzee mmoja fundi wa makochi. "Kijana, weka hiyo jiki chini," akasema. "Doa litaondoka na rangi ya kiti, na tajiri atataka kiti kipya." Akakamua ndimu kwenye tambara akabonyeza pale penye wekundu. Palepale ukarudi unjano. Jamani, si uchawi. Manjano tunayotia kwenye mchuzi ndivyo yalivyo: yakikutana na sabuni kali huwa mekundu, yakikutana na ukali wa ndimu au siki hurudi rangi yake. Ila usije ukachanganya siki au ndimu na jiki hata siku moja, maana hutoa hewa ya sumu.

Kisha mzee akanifundisha kazi, nami nakupa kama nilivyopewa. Kwanza, uchafu mzito unakombwa kwa kijiko, kutoka pembeni kwenda katikati, usije ukalitanua doa. Pili, mafuta yanyonywe kwanza: nyunyiza unga wa muhogo au poda ya watoto, acha nusu saa, halafu upanguse kwa brashi. Tatu, tia sabuni ya maji kidogo kwenye maji ya baridi, koroga, chukua povu peke yake na kitambaa cheupe. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, ujue kama rangi ya kiti inachuja.

Na hapa ndipo wengi tunapochemsha: usisugue, bonyeza! Ukisugua unalisukuma doa ndani na kuchakaza kitambaa. Wala usimwage maji kwa ndoo. Chini ya kitambaa kuna sponji, ikishalowa haikauki upesi na joto letu hili la Dar, matokeo yake ni ukungu na harufu. Maliza kwa kitambaa chenye unyevu kutoa sabuni, kisha taulo kavu, kisha fungua milango yote.

Madoa mengine nayo yana njia yake. Damu na maziwa ni maji ya baridi tu, ya moto huyagandisha kwenye nyuzi. Bigijii iwekee barafu mpaka iwe ngumu, ndipo uibandue. Wino wa kalamu, gusagusa kwa pamba yenye spiriti.

Jioni ilipoingia, harufu ya samaki ilikuwa imepungua, lakini kiti kilikuwa bado kibichi na kivuli cha njano kinaonekana. Nikapata wazo la kizushi: nivalishe kava, nimrudishie kaka ufunguo, nikae kimya. Mchumba akaniangalia. "Ukimzuga kaka yako wa damu, mimi utanizuga mara ngapi?" Nilikosa jibu.

Nikaenda kumwambia ukweli. Kaka hakufoka. Aliingia nyuma, akabonyeza kiti kwa kiganja, akakaa kimya muda mrefu. Ule ukimya uliniuma kuliko matusi. Jumatatu gari lilishinda juani milango wazi mpaka mchana, na hesabu ya tajiri siku hiyo niliilipa mimi, kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya viatu vipya.

Jua ndilo lililomaliza kazi, maana rangi ya manjano haiwezi kushindana nalo. Kila kaka alipopumzika kijiweni, aliegesha kiti kile kikielekea jua, na baada ya siku kadhaa ukiambiwa palikuwa na doa utabisha.

Juzi kaka amenipa tena ufunguo. "Siku ile ungenificha," akasema, "usingeushika tena." Kwa hiyo msomaji wangu, ukiazima gari la mtu na likapata doa, wahi kulibonyeza, na wahi zaidi kusema. Halafu mchuzi, panda nao daladala!

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.