Kuwaongoza Wageni wa Saa Chache Mjini Mugumu

Abiria wa meli za kitalii wanaoshuka Zanzibar hutembezwa Mji Mkongwe kwa saa chache, kisha hurejea melini. Mjini Mugumu nako wageni hupita kwa muda mfupi wakielekea Lango la Fort Ikoma. Ada ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hulipiwa kwa muda maalumu. Aliyekwisha kuingia huona hasara kurudi mjini. Basi wakati wa kumwonesha soko, ngoma na vyakula vya Wakurya, Waikoma na Wangoreme ni kabla hajafika langoni. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, anayeongoza watalii kwa malipo sharti awe na leseni. Wananchi wenye nia hiyo watangulize mafunzo na leseni, ndipo wapokee wageni.