Karomia gigas: Mti Adimu wa Misitu ya Pwani

Karomia gigas ni mti mrefu wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wa jamaa moja na mrehani na kivumbasi. Sampuli ya kwanza ilipatikana Kenya mwaka 1977, na mti uliotoa sampuli hiyo ulikatwa baadaye. Mwaka 1993 ulionekana karibu na Kilwa, kisha ukadhaniwa umetoweka hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupata tena mwaka 2011. Sasa umeorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini mno kutoweka. Mbegu zilizopelekwa Missouri Botanical Garden, Marekani, mwaka 2018 zilitoa miche michache tu.

Undugu na mrehani si uthibitisho kwamba mti huu ni dawa. Hata hivyo, ukitoweka, fursa ya kuuchunguza itatoweka nao.

Tahadhari hii yahusu miti ya dawa kwa jumla. Gamba likichunwa kuzunguka shina zima, chakula kitokacho majanini hakifiki mizizini, na mti hufa. Mgonjwa atumiaye dawa za asili amweleze mhudumu jina la mmea na sehemu itumikayo; mhudumu naye aulize bila kumlaumu.