Ndai Yako ya Kitambo Inalia Ukikanyaga Breki? Hii Kazi Unaeza Kujifanyia, Lakini Jua Pa Kuachia Fundi

Kama unaendesha Corolla 110, ama ile Nissan B14 mzee alikuachia, hii sauti unaijua. Unakaribia raundabauti, unakanyaga breki, gari inalia "kriiii" mpaka msee wa boda anageuka kukuangalia. Wewe unaongeza sauti ya redio. Hebu zima hiyo redio kidogo tuongee.

Hiyo kelele si vumbi. Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo kimewekwa makusudi, ndio pedi ikikaribia kuisha kiguse diski na kipige mayowe. Hapo gari bado inakuomba kwa adabu. Ukingoja mpaka iwe mkwaruzo wa chuma kwa chuma, hutanunua pedi peke yake, utanunua na diski.

Mimi nilianza kujishikia breki zangu baada ya fundi mmoja kuniwekea pedi "mpya". Wiki mbili baadaye kelele ikarudi, nikafungua gurudumu mwenyewe, na nini? Ni zilezile zangu za zamani, zimepigwa msasa zikang'ara. Nilizitambua kwa ufa uliokuwa pembeni. Sisemi mafundi wote wako hivyo, wengi mtaani wanajua kazi kuliko vitabu. Lakini msee akijua pedi inakaa aje, ni ngumu kumchezea.

Tuanze na mpaka. Pedi za mbele ni kazi ya mchana mmoja, hata kama hujawahi kushika spana. Dramu za nyuma zina springi ndogo kibao na zinaweza kukumaliza akili, kwa hivyo mara ya kwanza fanya na mtu anajua. Masta silinda, paipu inayovuja, ama taa ya ABS imewaka? Peleka kwa fundi, na usiende ukiendesha kama pedali inazama.

Pedi tafuta Kirinyaga Road, ile kila mtu bado anaita Grogan. Beba namba ya chesisi ama pedi moja ya zamani mkononi, ju "ya Toyota" si jibu. Boksi safi halithibitishi chochote. Ukiuliza maduka matatu na la nne likupe nusu ya bei, jiulize kwa nini. Pedi yenye kingo zinamomonyoka ukizikwaruza na kucha, rudisha papo hapo.

Sasa kazi. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati kidogo gari ikiwa bado chini, halafu ndio upige jeki. Ukishainua, weka stendi. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia gari ukiwa umeingiza mkono ama kichwa. Kama huna stendi, azima, ama uache hii kazi kwanza. Hapo sina mjadala.

Fanya upande mmoja kwa wakati, hata kama pedi utabadilisha pande zote mbili, na ni lazima ubadilishe zote mbili. Sababu ni rahisi: ukisahau venye klipu ilikuwa imekaa, unaenda kuchungulia upande wa pili. Kwa Toyota nyingi ndogo, bolti za kalipa zinafunguka na spana namba 12 ama 14. Toa ile ya chini, inua kalipa juu kama mfuniko, na pedi ziko hapo zinakuangalia. Kama gari yako inalazimu kalipa itoke yote, ifunge na waya kwa springi ya gari. Usiiache ininginie kwa hozi, inaharibika ndani na huwezi kuona.

Angalia unene wa ile sehemu ya kusugua, bila kuhesabu bati la nyuma. Ikifika milimita 3, badilisha. Diski nayo imechapwa unene wa mwisho kwa chuma chake mara nyingi. Kama imepita hapo ama ina mitaro unayosikia na kucha, pedi mpya haitaisaidia. Na lile vumbi jeusi usilipulize na mdomo. Pedi za kitambo zingine zilikuwa na asbesto. Lowesha na maji, pangusa na kitambaa, tupa kitambaa.

Pistoni lazima irudi ndani ndio pedi nene ziingie. Fungua kwanza kifuniko cha mafuta ya breki kule kwa boneti, halafu sukuma polepole na klampu ya fundi wa mbao. Mafuta yatapanda, kwa hivyo chungulia yasimwagike, yanakula rangi ya gari vibaya sana. Zile pini kalipa inateleza juu yake, zisafishe na uzipake grisi ya breki, si ile ya bearingi. Na usioshe mipira ya breki na petroli. Nimeona hiyo ikifanywa mara nyingi, na petroli inafura mpira mpaka pistoni inakwama.

Ukishafunga kila kitu, kabla gari isogee hata inchi moja, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Hii ndiyo hatua wasee husahau. Pistoni umeirudisha nyuma, so mguu wa kwanza utaenda mpaka chini bila breki yoyote. Afadhali ugundue hapo kwa parking kuliko kwa ukuta wa jirani.

Kuna kitu kingine watu hawaongelei, na ndicho kinanitia wasiwasi zaidi na magari ya kitambo: mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata kifuniko kikiwa kimefungwa. DOT 3 mpya kabisa haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji, kiwango kinaweza kushuka karibu na 140. Ndani ya Nairobi, kwa jam, hutajua tofauti. Sasa chukua gari hiyo, jaza watu watano na mizigo, na uteremke kuelekea Mai Mahiu ukikanyaga breki njia yote. Diski zinapata moto, mafuta yanachemka, yanatoa mapovu. Mapovu yanabonyezeka, mafuta hayabonyezeki. Mguu unazama, gari haisimami, na pedi zako mpya ziko sawa kabisa.

Kwa hivyo badilisha mafuta kila miaka 2, hata kama kiwango kiko juu. DOT 4 inaingia mahali pa DOT 3 bila shida, DOT 5 hapana. Usiwahi kuongezea oili ya injini ama ya stering hata matone, itaharibu mipira ya mfumo wote. Kutoa hewa kunahitaji watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua nipo, mafuta yanatoka kwa paipu ndogo, unafunga, ndio aachilie. Kwa magari mengi yetu ya usukani wa kulia unaanza gurudumu la mbali zaidi, nyuma kushoto, ukimalizia mbele kulia. Usiache tangi likauke katikati. Na ukifika kwa mteremko, ingiza gia ya chini mapema, ata kama ni otomatiki iko na L ama 2.

Jaribu gari kwa barabara tupu ya estate, polepole kwanza. Halafu punguza kasi kutoka kama 50 hadi 10, mara nane hivi, ukiacha zipoe katikati, ndio pedi zikae kwa diski.

Zile za zamani usizitupe kabla ya kuzipanga chini na kuzilinganisha. Kama ya ndani imeisha kuliko ya nje, ile pini haiteleza ama pistoni imekwama, na pedi mpya zitaisha vivyo hivyo. Fungua tena huo upande leo, kabla caretaker aone mafuta kwa kabro.