KIASI CHA BUNDUKI
Jinsi risasi za bunduki kubwa za kuwindia zinavyojazwa upya

Zamani watu wa pwani walipotaka kutaja risasi iliyo tayari kutiwa katika bunduki, walisema "kiasi cha bunduki". Jina hilo lilistahili kabisa. Mwenye gobore alimimina baruti kutoka katika pembe, akaipima, akaishindilia kwa ufito wa chuma, kisha akatia risasi juu yake. Akizidisha baruti, mtutu ulipasuka mbele ya uso wake. Akipunguza, mnyama alipata jeraha dogo tu, akamgeukia. Maisha ya mwindaji yalikuwa ndani ya kipimo chake.

Bunduki za kisasa hutumia risasi zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, na watu wengi hudhani kwamba kazi ya kupima imekwisha. Lakini katika nchi kama Marekani na Afrika Kusini wako wawindaji wengi ambao huokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, wakayajaza upya kwa mikono yao wenyewe. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria haimruhusu mtu kutengeneza risasi pasipo idhini. Hata hivyo yafaa tuieleze kazi hiyo, kwa sababu bunduki hizo kubwa zilitengenezwa kwa ajili ya ndovu na nyati wa nchi kama yetu, na wazee wengi walizibeba mabegani katika safari za uwindaji.

MAANA YA MAGNUM

Neno "magnum" ni la Kilatini, na maana yake ni "kubwa". Watu wa Ulaya walilitumia kwanza kwa chupa ya mvinyo inayojaa kiasi cha chupa mbili za kawaida. Baadaye mafundi wa bunduki walilichukua wakaliita kwalo ganda la risasi lililo kubwa kuliko mengine, lenye nafasi ya baruti nyingi. Mojawapo iliyojulikana sana Afrika Mashariki ni ile ya namba .375, iliyotolewa mwaka 1912 na mafundi wa Holland & Holland wa London. Namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi, yaani kadiri ya milimita tisa na nusu.

SEHEMU NNE ZA RISASI

Kila risasi ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda la shaba nyeupe. Ya pili ni fataki, nayo ni kikombe kidogo kilicho kitakoni mwa ganda, chenye dawa inayolipuka inapogongwa. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni kichwa cha risasi, ambacho ndicho kipande kinachoruka kwenda kwa mnyama.

Mpigaji anapovuta mtambo, sindano ya bunduki huigonga fataki. Moto wake huingia katika baruti, na baruti huungua na kugeuka hewa yenye joto kali. Hewa hiyo haina pa kwenda ila mbele, basi hukisukuma kichwa cha risasi ndani ya mtutu. Katika ile ya namba .375 mkazo ulioruhusiwa hufika ratili 62,000 kwa kila inchi moja ya mraba. Msomaji mwenye motokaa ajue kwamba mkazo wa hewa katika gurudumu lake ni kadiri ya ratili 30 tu. Nguvu hiyo kubwa hufungiwa karibu na shavu la mpigaji, na kinachomlinda ni chuma cha bunduki, ganda la shaba na kipimo cha baruti.

KAZI YENYEWE

Kati ya sehemu hizo nne, ni ganda peke yake linalobaki zima baada ya kupigwa. Nalo ndilo lenye bei kubwa, na kwa hiyo mwenye kujaza upya huokoa fedha. Tena wako ambao hawakuwa na njia nyingine. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kiliacha polepole kutengeneza risasi za bunduki nyingi kubwa za zamani. Mtu aliyerithi bunduki nzuri ya baba yake alijikuta ana silaha isiyo na risasi, ila azijaze mwenyewe.

Kwanza hulisafisha ganda na kulichungulia kama lina ufa. Kisha huliingiza katika kalibu ya chuma kwa mashine ya mkono, ili lirudi katika umbo lake la kwanza, kwa maana moto hulipanua. Fataki ya zamani hutolewa, na mpya hutiwa mahali pake. Ganda la magnum huhitaji fataki yenye moto mkali zaidi, kwa kuwa baruti yake ni nyingi na hapana budi iwake yote kwa pamoja.

Halafu huja mizani. Baruti hupimwa kwa kipimo kiitwacho greni, maana yake punje, na greni 7,000 ndizo ratili moja. Watengenezaji wa baruti huchapa vitabu vinavyoonyesha kila aina ya baruti na kiasi chake kwa kila risasi. Mtu mwenye busara huanza na kiasi cha chini kilichoandikwa, wala havuki cha juu. Mwisho kichwa cha risasi huingizwa mdomoni mwa ganda na kubanwa barabara, kwa sababu bunduki kubwa hurudi nyuma kwa kishindo, na kishindo hicho huweza kukisogeza kichwa cha risasi inayongoja zamu yake.

HATARI TATU

Hatari ya kwanza ni kukosea baruti. Baruti ya bastola huungua upesi, na ya bunduki kubwa huungua taratibu, lakini zote mbili huweza kufanana kwa macho kama unga na unga. Atakayelijaza ganda la magnum baruti ya bastola huweza kuipasua bunduki na kupoteza macho au mkono. Ndiyo maana wajuzi huweka mezani kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja.

Hatari ya pili ni ganda lililochoka. Maganda mengi ya magnum yana mkanda wa shaba unaozunguka kitako chake, na ganda hushikwa katika bunduki na mkanda huo. Likipigwa na kukalibiwa mara nyingi, shaba hunyooka na kuwa nyembamba mbele kidogo ya mkanda. Siku moja hukatika vipande viwili, na hewa ya moto huweza kumrudia mpigaji usoni. Mtu mwangalifu hupinda ncha ya waya mwembamba, akapapasa nao ndani ya ganda. Akisikia mfereji, hulitupa ganda hilo bila kusikitika.

Hatari ya tatu ni jua. Waingereza walibuni mwaka 1889 baruti isiyo na moshi iitwayo kodaiti, iliyokuwa na umbo la nyuzi kama tambi. Baruti hiyo ilipopata joto mkazo wake ulizidi, na risasi iliyofaa katika baridi ya Uingereza ilizidi nguvu katika nchi za joto. Maganda yalikwama bunduki ilipotakiwa kujazwa tena upesi. Kwa sababu hiyo mafundi walitengeneza maganda makubwa yenye nafasi, na risasi za kupelekwa nchi za joto zilipunguzwa baruti.

NYATI WA MSUMBIJI

Kupungua kwa nguvu nako kuna hatari, na kisa kifuatacho chaonyesha hivyo. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya namba .458 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika. Bei ya bunduki yake ilikuwa ndogo kuliko za Kiingereza, na wawindaji wengi waliinunua. Lakini ganda lake lilikuwa fupi, urefu wa inchi mbili na nusu, na baruti ilipaswa kugandamizwa ndani yake ili itoshe. Baadaye ilionekana kwamba baruti ya baadhi ya risasi hizo ilishikana kuwa bonge, isiungue sawasawa, na kichwa cha risasi kikaenda polepole kuliko ilivyoahidiwa.

Mwaka 1959 mwindaji Mmarekani, Jack Lott, alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji. Nyati huyo alikuwa amekwisha kupigwa kwa bunduki ya namba .458, wala hakuanguka. Lott alipona, akaanza kufikiri. Mwaka 1971 alitoa risasi yake mwenyewe yenye upana ule ule, ila ganda lake lilikuwa na urefu wa inchi 2.8. Nafasi hiyo ndogo iliyoongezwa iliiwezesha baruti kukaa bila kubanwa mno, na mwendo wa risasi ukaongezeka kutoka futi 2,130 hata kadiri ya futi 2,300 kwa sekunde. Kwa miaka mingi wenye bunduki za namna hiyo walijaza risasi zao wenyewe mezani, mpaka viwanda vilipoanza kuwatengenezea.

Wakulima wanaokaa karibu na misitu watalielewa jambo hili upesi. Nyati aliyepigwa risasi dhaifu hujificha kichakani na maumivu yake, na atakayekutana naye asubuhi ya pili huenda akawa mama anayekwenda kuteka maji, ambaye hakushika bunduki hata siku moja.

Wahenga wamesema kwamba ajali haina kinga. Tukubali, lakini tuseme pia kwamba ajali nyingi za bunduki zilianzia juu ya meza, siku nyingi kabla ya safari, mtu alipozungumza na rafiki huku akipima baruti, au alipokadiria kwa macho jambo la kupimwa kwa mizani. Wazee waliosema "kiasi cha bunduki" walikuwa wamekwisha kutupa shauri hilo katika jina lenyewe.